Upepo wa Tairi za Nyuma

Kwa mara ya tatu wiki hiyo, geji ilimpa Mzee Lori jibu lile lile: tairi mbili za nyuma zimeshuka. Jana jioni alizijaza upepo wa paundi thelathini na sita kwa mkono wake mwenyewe. Leo zilisoma thelathini. Za mbele hazikuguswa.

Pancha haishushi tairi mbili sawasawa. Huo ni mkono wa mtu, na mtu wa nje mwenye ufunguo wa geti alikuwa mmoja tu: mkwe wake, anayeazima gari kila Jumamosi na kulisifu kupita kiasi.

"Leo nampeleka mama yenu kliniki ya mgongo," alimwambia mkwe alipopita kusalimia, "nawe unanichezea tairi. Lete ufunguo wa geti."

"Baba, naapa sijagusa!"

"Zimejitoa upepo zenyewe? Zimechoka?"

Mkwe akauweka ufunguo juu ya boneti, akaondoka kichwa chini. Mzee akazijaza upya, kisha akajibanza nyuma ya pazia la sebuleni. Kama mkwe ni mwizi wa upepo, atarudi hata bila ufunguo.

Aliyetoka ni mkewe. Alichechemea hadi nyuma ya gari, akajishusha taratibu kwenye kigoda, akachomoa kibanio cha nywele, akakididimiza kwenye vali ya tairi. Psss.

"Mama watoto! Kumbe ni wewe?"

"Ni mimi. Usinipotezee hesabu."

"Mbona hukuniambia?"

"Nimekuambia mara ngapi gari linanirusha? Ukajibu kwamba miaka thelathini kwenye lori hujawahi kulegeza tairi. Sawa, ulibeba saruji. Mimi ni mkeo."

Mzee akamfuata hadi tairi ya pili. "Na unajuaje pa kukomea?"

"Nahesabu hadi ishirini. Nikiishia kumi, mgongo unalia. Nikifika thelathini, gari linayumba kwenye kona. Nimeshajaribu."

Mzee akafungua mlango wa dereva, akavaa miwani, akakisoma kibandiko cha vipimo vya upepo alichokisoma mara mia. Mstari wa chini, gari likiwa na mzigo kamili: thelathini na sita. Ndio aliokuwa akiufuata siku zote, kwa mazoea ya lori. Wa juu, abiria watatu: thelathini.

Akapima tairi alizomaliza mkewe. Thelathini. Zote mbili.

Akautazama ule ufunguo juu ya boneti, kisha akapiga simu.

"Mwanangu, rudi uchukue ufunguo wako. Nimekukosea. Na leo utaendesha wewe. Mimi nitakaa nyuma na mama yenu, nisikie anachokisikia."