Presha ya Mlima

Marcella, mwenye miaka sabini na mitatu, alikuwa na sukari, presha, na magoti yanayolia kama geti la chifu. Mwenyewe aliyaita maradhi hayo watoto wake wa uzeeni: kazi hawasaidii, lakini kula wanakula kwa wakati.

Alikaa bondeni, nyuma ya Makutano, mahali ambapo lami iliogopa kushuka. Zahanati ilikuwa juu. Kila siku ya kliniki aliupanda mlima ule wa tope jekundu, mkono mmoja fimbo, wa pili migomba ya watu, akafika akihema. Na kabla hajameza mate, Sista Kawira, muuguzi, ameshamfunga mkono kwa mashine ya presha.

"Mia na themanini tena! Shosho, unakula chumvi?"

"Nakula mlima, sista."

Sista akacheka, akaongeza dawa. Vidonge vipya vikamlevya Marcella, akaanguka katikati ya maharagwe ya jirani, yeye ambaye hajaonja pombe tangu abatizwe. Mwezi uliofuata kalamu ya sista ikainuka tena. Marcella akaifunika kadi kwa kiganja.

"Ukiongeza, sitaamka kitandani, na mimi naishi peke yangu. Njoo unipime mlangoni kwangu. Ikiwa juu, nitameza hata debe zima."

"Kesho nakuja, na utameza!"

Kesho yake Kawira akashuka, mashine kwapani, viatu mkononi. Marcella alikuwa kitini tangu chai. Mia thelathini na sita. Kawira akaitikisa mashine, akapima tena. Mia thelathini na nne.

"Imezeeka kama mimi?" Marcella akauliza kwa upole wa paka.

Kawira akataka kuandika, kumbe daftari limebaki zahanati. Akapanda, akashuka, akarudi hana pumzi.

"Leta mkono, mwanangu." Marcella akaufunga, akabonyeza kitufe kama alivyoona kikibonyezwa miaka yote. Mia sitini na mbili! "Na wewe hata arobaini hujafika. Unakula chumvi?"

Kawira alihema kwanza. "Nakula mlima, Shosho."

Vidonge vikarudishwa kama vilivyokuwa mwanzo. Sukari haikuondoka, magoti bado yanalia, lami haijashuka. Lakini kila Jumanne ya kwanza meza ya kliniki hushuka bondeni, na Marcella, kitambaa cha kanisani kichwani, huwapokea wazee wenzake, akiwaelekeza vitini kwa fimbo.

"Kaeni kwanza! Pumueni! Huku kwetu watu hupimwa wakiwa wamekaa, kama wakubwa."