Chini ya Tangi la Pili

Tangi la kwanza la mvuke lilipasuka likaua watu wawili: mpishi wa sabuni aliyekuwa akilisimamia, na msichana wa kufungasha aliyekuwa akipita na mkokoteni wake. Kiwanda hakikukawia kupata wa kumlaumu. Meneja alitangaza kwamba mpishi alitaka kumaliza zamu mapema, akapandisha presha kupita kiasi. Vyuma vilivyosambaa vilipelekwa kuyeyushwa kabla marehemu hawajazikwa. Na aliyesingiziwa haraka hiyo ni mtu ambaye kiwanda kizima kilimwita Taratibu, kwa kuwa hata kikombe cha chai alikishika kwa mikono miwili. Lakini marehemu hana wa kumjibia.

Au tuseme alikuwa naye, akamjibia vibaya. Mkaguzi wa mitambo alikuwa shemeji yake. Taratibu alimwoa mdogo wake wa mwisho. Siku ya mazishi watu walipomgeukia yeye mtaalamu, alisema kwa sauti ya huruma kwamba hata mtu makini hupitiwa. Alidhani anamtetea. Tangu hapo mdogo wake hanunui hata kiberiti bila kutazamwa kwa jicho la pembeni, na fundi cherehani wa mlango wa tatu, baba wa yule msichana, haitikii salamu yake. Watoto wa Taratibu wameambiwa shuleni kwamba baba yao alikuwa muuaji.

Wiki ya saba, kiwanda kilimwita mkaguzi athibitishe presha salama ya tangi la pili, pacha wa lile lililopasuka, ili kazi irudi. Kazi yenyewe aliifanya hata akiwa na usingizi. Kwa miaka kumi na moja alifika kila mwaka na kifaa chake cha kupimia unene wa chuma, akakigusisha kwenye miduara minane ya rangi nyeupe iliyochorwa ubavuni na mkaguzi aliyemtangulia, akaandika namba, akapiga hesabu, akatia sahihi cheti cha presha. Milimita kumi, presha nane, endeleeni. Tangi la kwanza nalo lilikuwa na miduara yake, mahali palepale, pale mkono unapofika bila mtu kuinama.

Safari hii alikuta tangi limepakwa rangi ya fedha kuanzia juu hadi miguuni. Meneja alitaka lipendeze, na katika kulipamba alikuwa ameifunika miduara yote.

Mkaguzi alisimama akikuna kichwa. Kwa mara ya kwanza ilimbidi afikirie mwenyewe chuma hicho kingeanza kuliwa wapi. Hata mtoto angemjibu: mvuke ukipoa huwa maji, na maji hukaa chini. Alivua koti, akalala chali sakafuni, akajisukuma chini ya tumbo la tangi. Akakwangua rangi, akapaka mafuta, akabandika kifaa.

Tatu nukta moja.

Alikijaribu kifaa kwenye kipande cha chuma ambacho unene wake aliujua. Hakikuwa na kosa. Akarudi chini: mbili nukta tisa. Akasogea shibiri moja: mbili nukta sita. Alibaki amelala pale, jasho likimwingia masikioni, mpaka meneja akachungulia na kuuliza kama mkaguzi atatandikiwa na shuka. Wafanyakazi wakacheka.

Alipiga hesabu mara tatu kwa penseli, karatasi ikiwa gotini. Presha salama haikufika hata tatu. Matangi yale mawili yalisimikwa siku moja, yakanywa maji mamoja, yakafanya kazi miaka ileile. Taratibu alikuwa akisimama kila siku kando ya chuma kilichobaki ngozi, geji ya presha ikisoma nane kama cheti cha ukutani kilivyoagiza. Hakupandisha kitu. Hakupitiwa. Sahihi ya kwenye cheti ilikuwa ya shemeji yake.

Meneja hakuwa mjinga. Alisoma zile namba, akamvuta kando, akamshauri aandike tu kwamba tangi limechoka, wanunue jingine, mambo yaishe. Mkaguzi alishawishika, tena sana. Ilikuwa imebaki miaka miwili astaafu. Kisha akawafikiria wale watoto, akaandika yote, miaka na sahihi zake.

Alasiri alimkuta mdogo wake akikunja nguo.

"Mume wako hakukosea," alimwambia. "Tangi lilikuwa limeliwa kwa chini. Lingepasuka hata angekuwa nani."

Mdogo wake alilia kuliko alivyolia makaburini. Akamshika kaka yake mkono akaubusu, akasema alijua tu hatamwacha, na hilo lilimuumiza mkaguzi kuliko namba zote. Kisha akaanza kutafuta viatu akimbie kwa fundi cherehani.

"Ngoja. Hujauliza nani alikuwa akilipima."

Mdogo wake alisimama na kiatu kimoja mguuni. Alimtazama tu, mpaka mkaguzi akasema mwenyewe kwamba ni yeye, miaka kumi na moja, na hakuwahi kuinama. Alitaka kuongeza kwamba ndivyo alivyofundishwa, lakini akaona afadhali asiongeze.

"Na pale makaburini ukasema amepitiwa."

"Nilisema."

Alivaa kiatu cha pili. Mkaguzi alijua atafukuzwa, na angeondoka kwa shukrani. Mdogo wake alifungua mlango, akamngoja atangulie. Wakaongozana hadi mlango wa tatu. Fundi cherehani alikuwa nje ya mlango wake, miguu kwenye pedali; alipomwona mjane aliinamia kitambaa kama ilivyo kawaida yake, akaendelea kushona.

"Fundi, leo sikuja kukusalimu," mjane alisema. "Nimekuletea mtu aliyemuua binti yako. Ni kaka yangu. Msikilize."

Cherehani ilisimama. Mkaguzi akaanza kueleza, kuanzia mwaka wa kwanza.