Punje Tano kwa Kila Sahani

Birindwa alikufa Jumatano asubuhi, mkesha wa Sikukuu ya Shukrani, akipanga maboksi kwenye baridi ya ghala la nyama huko Louisville. Moyo ulisimama, walisema. Mkewe, Nzigire, aliletewa glavu zake ndani ya mfuko wa plastiki, zingali na unyevu.

Kufikia saa sita mchana wanawake wa kanisa walikuwa wamekwisha kusogeza viti na kutandika mikeka sebuleni kwake, mtaa wa Beechmont. Kabla hajaketi nao, Nzigire alimpigia simu Ernestina, Mtanzania aliyepanga zamu kwenye wakala wa kutunza wazee.

"Dada, bwana yangu amekufa leo. Donc kesho siwezi kuya," alisema kwa Kiswahili cha kwao chenye Kifaransa ndani.

"Jamani, Nzigire! Pole sana, mdogo wangu. Lakini likizo ya msiba ni ya aliyetimiza mwaka. Wewe umeanza Desemba iliyopita."

"Imebakia mwezi moja tu."

"Najua. Sheria si yangu. Na kesho nimpeleke nani, wote wana sikukuu? Usipokwenda wanakutoa. Watoto utawalisha nini?"

Alhamisi aliwaacha wanawake wakimkalia msiba wake, akapanda basi.

Bibi Harriet, ambaye Nzigire alikuwa akimwogesha na kumlisha, kumbukumbu zilikuwa zimemtoka. Mwenye nyumba hasa alikuwa binti yake, Meredith. Nzigire alimweleza mlangoni, kwa Kiingereza chake kidogo.

"Masikini! Afadhali umekuja," Meredith alisema. "Kazi inasaidia mtu kusahau." Akamkabidhi bakuli la mahindi makavu. "Punje tano kwa kila sahani, Zee." Jina Nzigire lilikuwa limemshinda tangu siku ya kwanza. "Ni desturi yetu. Wazee wetu walikuja kwa meli kutoka Uingereza. Majira ya baridi ya kwanza, nusu yao walikufa. Tunasimuliwa kwamba chakula cha mtu kwa siku kilikuwa punje hizo tano tu."

"Walikufa mwaka wa kwanza?"

"Hata hawakuumaliza. Fikiria! Karibu miaka mia nne, na hatujawasahau."

Nzigire akapanga punje.

Bata mzinga alipoletwa mezani, wageni waliinamisha vichwa. Meredith akaanza kuwataja marehemu wa ile baridi, mmoja mmoja, polepole. Mume na mkewe. Seremala. Mtoto aliyezaliwa baharini. Nzigire alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha bibi, ameshika bakuli la mchuzi. Kwao, wafu wakililiwa, mwanamke hasimami. Aliliweka bakuli chini, akavua viatu, akaketi sakafuni, miguu ameinyoosha. Majina yalipokwisha chumba kilinyamaza, kimya cha matanga kabisa, naye akaona sasa ni zamu yake.

"Birindwa," alisema.

Bibi Harriet akageuka. "Nani huyo? Alikuja na meli yetu?"

Mgeni mmoja alicheka, akaziba mdomo kwa kitambaa.

"Hapana, mama," Meredith alijibu. Kisha akainama, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto: "Zee, inuka, tafadhali. Si hapa. Mchuzi unapoa."

Machozi yaliyokuwa yamegoma tangu jana yakamjia yote pamoja. Hakuinuka. Alimlilia mumewe kwa sauti, kama alivyopaswa kumlilia tangu jana. Wanaume wawili walimshika makwapani, wala hawakumuumiza, wakampeleka jikoni na kufunga mlango. Huku nyuma alisikia visu na uma vikianza kazi.

Ijumaa Ernestina alipiga simu. "Wamesema uliwatisha wageni. Dada yangu, ulikuwa unafanya nini pale chini?"

"Walikuwa wanalia watu wao," Nzigire alisema. "Bon, na miye nikalia wangu."

Birindwa amezikwa. Nzigire hana kazi. Anayemwogesha Bibi Harriet sasa ni Karaha, mwanamke mwingine wa kwao, aliyefika Louisville mwezi wa tisa. Kila anayeajiriwa na wakala siku hizi husomewa sharti moja jipya kabla hajaanza: nyumbani kwa mteja, mfanyakazi haketi sakafuni.