Shajeri ya Nyuma ya Kabati

Shemasi Sikuli hakuogopa mambo mengi hapa duniani, lakini shajeri, yaani chaja, iliyoachwa kwenye prizi ya ukutani bila simu ilimnyima raha kabisa. Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, alizunguka nyumba yake ya Butembo akikagua kuta, usije ukapotea bure umeme, kuran kama walivyouita huko. Akikuta waya unaning'inia, majirani wote walijua.

"Simu haiko! Sasa hii shajeri inafanya nini hapa? Inakunywa kuran ya nani?"

Na usithubutu kumwambia kwamba inakunywa tone tu. Binti yake Christa alijaribu siku moja, akaonyeshwa dari la jikoni lililooza, akaulizwa kama mvua iliyolifanya hivyo haikuwa matone.

Christa naye alikuwa na lake. Kwa mbao za karakana ya baba yake, maana Sikuli alikuwa seremala, alitengeneza sanduku la kuangulia mayai, kuvezi kama watu wa mtaa walivyoliita. Ndani aliweka balbu mbili za kutoa joto, na kipimo kidogo cha kuziwasha na kuzizima ili joto lisizidi wala lisipungue. Mara ya kwanza mayai yalioza yote. Nyumba ilinuka wiki nzima, na Sikuli akakata hukumu.

"Mara moja tena tu, Christa. Ikishindikana, sanduku yako itakuwa kuni."

Basi Christa akashuka Beni kwa shangazi yake Ornella, mfugaji wa kuku wakubwa wanaosifiwa, akarudi na mayai arobaini, ameyapakata mapajani njia nzima kama mtoto mchanga. Siku kumi na nane aliyageuza moja moja, asubuhi na jioni, hata chakula kikawa hakimpiti vizuri. Alitaka kuku wake. Alitaka kazi yake mwenyewe. Na zaidi ya hayo yote alitaka baba yake akiri kwa mdomo wake kwamba binti yake anaweza.

Siku ya ishirini, moja kabla ya ile ya kuanguliwa, ikaangukia Jumapili. Christa aliwahi kanisani kwa mazoezi ya kwaya, akamwacha baba yake afunge nyumba. Sikuli akapita prizi zote, moja baada ya nyingine, mpaka kwenye chumba cha kuvezi. Huko, nyuma ya kabati, akaona shajeri kuukuu, nyeupe, waya wake umepotelea gizani. Simu hakuna.

"Ee! Mpaka huku munaficha!"

Akaichomoa, akauvuta waya wake wote, akauviringa vizuri na kuitia mfukoni mwa koti. Alienda kanisani anapiga mluzi, amefurahi kweli.

Wakati wa matangazo akasimama mbele. Alikuwa na neno kwa wale wanaochaji simu kanisani kisha wanaondoka na simu tu.

"Bandugu, musidhani ninawaonea. Hii niliikamata leo nyumbani kwangu, mimi shemasi wenu!" Akaitoa mfukoni, akaiinua juu. "Nyuma ya kabati! Hakuna simu, inakunywa tu!"

Watu wakacheka. Kwenye kwaya, Christa alikuwa amesimama, uso umembadilika.

"Papa," akasema, na sauti yake ikasikika mpaka mlangoni. "Hiyo ndiyo inalisha kipimo cha kuvezi."

"Lakini balbu ziko na waya yao."

"Bila kipimo, balbu haziwaki."

Sikuli akapiga hesabu ya saa: zilikuwa zimepita tatu tangu alipoichomoa, na baridi ya Butembo asubuhi ile ilikuwa ya kuvaa sweta mbili. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Mtoto huyu alikuwa amebakiwa na nafasi moja tu, naye ameiviringa akaitia mfukoni!

"Shemasi, na sadaka?" akauliza Pasta Zacharie.

"Endeleeni tu, Pasta!" Alikuwa ameshafika nje, anapanda pikipiki ya Jephté, kijana wa kubeba abiria aliyengoja mlangoni.

"Papa Shemasi, kuna mutu amekufa?"

"Bado! Kimbiza!"

Alipofika aliurudisha waya kwenye kipimo, akachomeka shajeri. Balbu hazikuwaka. Akabonyeza taa ya chumba, nayo ikagoma. Kuran ilikuwa imekatika mtaa mzima. Hapo Sikuli, mlinzi wa kuran, angeomba hata hilo tone moja.

Akawasha makaa, akachemsha maji, akayapoza kidogo, akajaza chupa na kuzipanga kando ya mayai. Akafunika sanduku kwa blanketi. Akaona haitoshi, akavua koti la Jumapili, kisha shati, akavitandika juu, akalikumbatia sanduku lote kwa mikono miwili.

Hivyo ndivyo Christa alivyomkuta, yeye na nusu ya kwaya nyuma yake: shemasi mzima, kwenye singleti, amelala juu ya sanduku. Christa alikuja na hasira yake yote tayari mdomoni.

"Mama," Sikuli akamwambia, kama baba anavyomwita binti anayempenda, "mimi ndiye niliharibu, hapana wewe. Hata yakikufa yote, hii sanduku haitakuwa kuni. Kazi yako ni ya mutu anayejua kazi."

Machozi yakamtoka Christa. Akapiga magoti upande wa pili wa sanduku, naye akalikumbatia. Walikaa hivyo mpaka mchana, wanabadilisha chupa kila zikipoa, na ndipo ndani kukasikika: piu.

"Umesikia?"

"Nyamaza kwanza, Papa!"

Piu, piu. Waimbaji wakapiga vigelegele vya kutosha harusi.

Kuran ilirudi jioni. Mpaka Jumatano vifaranga thelathini na tisa walikuwa wanakimbizana kwenye katoni jikoni. Ndani ya sanduku lilibaki yai moja, kimya. Christa akaenda nyuma ya kabati na kushika shajeri.

"Basi, Papa, siku zimepita. Hii haina kazi tena, inakunywa bure."

Sikuli alikuwa ameinama, sikio juu ya yai.

"Acha inywe," akasema.