Mkanda wa Mwana wa Atelie

Siku ya mahari watu husema mengi, na mengi ya hayo husahaulika kabla chupa hazijakauka. Wajomba wa Faustin walisema neno moja ambalo halikusahaulika, kwa sababu Faustin mwenyewe alilipenda mno. Mjomba mkubwa alisimama mbele ya wakwe akasema kwamba kijana wanayeletewa ni mtoto wa Symphorien, fundi wa karakana ya reli, ile ambayo wazee wa Lubumbashi wanaiita atelie, na kwamba katika ukoo huo hakuna mwanamume anayepeleka chuma chake kwa mkono wa mtu mwingine. Wanawake wakapiga vigelegele. Tangu siku hiyo wakwe wakamwita Mwana wa Atelie, na Faustin akatabasamu na kunyamaza. Mdomo wa mjomba ndio uliosema, lakini kichwa kilichoponzwa kilikuwa cha Faustin.

Symphorien alikuwa fundi kwelikweli, Mungu amrehemu, ila ufundi haurithiwi kama pua. Faustin alikuwa mtunza ghala la saruji. Aliponunua gari, gari la mazutu, yaani la dizeli, ambalo lilikuwa limeshawachosha watu kadhaa kabla yake, alitafuta makanika mbali na macho ya Katuba, mtaa aliokaa. Akampata mzee Rigobert huko Kasapa, nyuma ya mabweni ya wanafunzi. Gari likiugua, Faustin alimwambia mkewe Lydie kwamba anakwenda kutafuta kipande cha gari mjini, halafu alishinda Kasapa amekalia tairi, ananywa soda, huku Rigobert akitoka jasho. Kabla ya kurudi aliomba grisi kidogo, akajipaka viganjani na kidogo kwenye paji la uso, kama mtoto anayejipaka unga ili mama adhani amesaidia kupika. Lydie alimtengea maji ya kuoga na kumsifu. Mwanamume mzima, mvi zimeshaanza, na hakuona haya. Au tuseme aliona haya, lakini aliizoea.

Kisha Rigobert akahamia Kolwezi kwa watoto wake. Siku ya kuagana alifungua boneti akamwonyesha Faustin jambo. Ndani ya injini, alieleza, kuna mkanda wa meno unaozungusha vyuma vya juu pamoja na vya chini ili visigongane. Makanika wanauita kuruwa. Mkanda wa gari hili ulikuwa umepasukapasuka. Ukikatika njiani, injini inajivunja yenyewe, gari linazimika palepale, usukani unakuwa mzito na breki ngumu. Aubadilishe kabla ya safari yoyote ndefu, na auweke mtu anayejua, kwa maana jino moja likikosewa kazi yote ni bure. Faustin akanunua mkanda mpya. Kununua hakuhitaji ufundi.

Na safari ndefu ikaja, tena ile aliyoingoja tangu alipooa. Mama mkwe wake, Mama Mwape, alikaa Kasenga, kwenye mto Luapula, ambako alifanya biashara ya samaki mpaka macho yake yalipoanza kufifia. Kwa desturi ya watu wa kule, mkwe na mama mkwe hukimbiana kwa heshima. Hawali pamoja wala hawatazamani usoni. Mmoja akija kwa njia hii, mwingine hupitia nyuma ya nyumba. Hali hiyo huendelea mpaka wazazi wa mke waridhike kwamba binti yao ametunzwa. Ndipo humpikia mkwe, humfunulia chungu kimoja kimoja, na kumwingiza nyumbani kama mwana. Wengine hawaingizwi kamwe. Faustin alitumiwa habari kwamba siku yake imefika.

Kulikuwa na la zaidi. Baada ya sherehe, Mama Mwape angerudi nao Lubumbashi kutibiwa macho. Lydie alikuwa amemsihi kwa muda mrefu, na mama alikuwa amekataa, kwa kuwa marehemu mumewe alifia kwenye barabara hiyohiyo, ndani ya lori la samaki lililokosa breki. Tangu mazishi hakukanyaga tena gari la kwenda mjini. Safari hii alikubali, akasema sababu yake waziwazi: atapanda gari la mkwe wake, lililotengenezwa kwa mikono ya mkwe wake. Lydie alipomletea maneno hayo, machozi yalikuwa yakimlengalenga kwa furaha. Faustin hakuweza kumaliza bukari, ugali wa kwao, iliyokuwa mbele yake.

Sasa ilibidi aamue nani atabadilisha mkanda. Jeannot, mdogo wake Lydie, alikuwa makanika hapohapo Katuba, mtu wa maneno machache, na wateja walimpangia foleni. Alikuja mwenyewe kusema kwamba anajua gari linakwenda mbali, na kama shemeji anataka, wasaidiane. Angekuwa mtu mwingine angemkumbatia. Faustin alisikia tu sauti ya mjomba wake siku ya mahari, akajibu kwamba mwana wa atelie hahitaji wa kumshikia taa. Jeannot akacheka, akaenda zake.

Basi Faustin akaamua kufanya mwenyewe. Jumamosi alitoa sanduku la vyombo la marehemu baba yake, akalipangusa, akavua shati. Majirani walipita wakamsalimu kwa heshima zote, na kila salamu ilimchoma. Alitoa betri. Alitoa mkanda wa nje, ule wa dinamo, akaona si vigumu hivyo, akaanza hata kupiga mluzi. Halafu akafika kwenye kifuniko ambacho nyuma yake ndiko uliko mkanda wenyewe. Boliti zake zilikuwa zimeganda kwa tope na mafuta. Aliweka spana kwenye boliti ya kwanza, asivute. Akamwona Mama Mwape, mwanamke ambaye hajawahi kumtazama usoni, amekaa ndani ya gari hili kwenye mteremko. Akaliona lile jino moja. Alisimama hivyo mpaka jua likamchoma mgongo, na boliti haikusogea hata kidogo.

Hapo mwenye akili angeona njia mbili. Angejikaza afungue, au angemeza kiburi chake na kutembea mitaa miwili mpaka kwa Jeannot. Faustin akaona ya tatu. Akarudisha mkanda wa nje, akarudisha betri, akauficha mkanda mpya kwenye buti chini ya tairi la akiba. Safari hii hakuhitaji kuomba grisi, mikono ilikuwa imechafuka yenyewe. Jioni Jeannot akapita tena, akauliza kama kazi imekwisha.

"Imekwisha," Faustin akasema.

Neno lilitoka jepesi, akashangaa mwenyewe. Alipokuwa anaoga alijidharau kiasi cha kushindwa kujitazama kwenye kioo cha kunyolea.

Waliondoka watatu, Faustin, Lydie na Jeannot. Faustin aliendesha polepole, kama amebeba mayai, na Lydie akamsifu kwa uangalifu wake. Kila sauti ya injini ilimkata maini. Lakini mkanda ulishika, na walipoona paa za Kasenga akapumua. Mwongo akifika salama hudhani Mungu yuko upande wake. Faustin naye alianza kujiambia kwamba pengine Rigobert alizidisha chumvi.

Sherehe ilikuwa nzuri, na uzuri wake ndio uliomuumiza. Walimkalisha kwenye mkeka mpya. Wanawake wakaja kwa magoti, wanaimba, wamebeba vyungu, na kila chungu kilipofunuliwa aliambiwa maana yake: hiki ni cha kumshukuru kwa kumvisha binti yao, hiki ni kwa watoto, hiki ni kwa kuwa hakumpiga. Hayo yote yalikuwa kweli. Faustin alikuwa mume mwema, na ingetosha kabisa. Hakuna hata mtu mmoja ambaye angemnyima chungu kwa sababu hajui injini. Alilielewa hilo pale mkekani, kwa kuchelewa. Chungu cha mwisho kilifunuliwa na Mama Mwape mwenyewe. Kwa mara ya kwanza aliinua uso akamtazama mkwe wake, kwa macho yenye ukungu, akamshika viganja vyote viwili.

"Mukwe wangu," akasema, "mi sionake muzuri tena. Lakini hii mikono yako, nayiona."

Watu wakapiga makofi. Faustin alitamani ardhi ipasuke immeze, yeye na mikono yake. Akala, kwa sababu ni lazima kula, na hakusikia ladha ya kitu.

Asubuhi Jeannot aliamka kabla ya wengine. Makanika haanzi safari bila kutazama mafuta na maji, na alifungua boneti kwa nia njema tu, pengine na hamu kidogo ya kuona kazi ya shemeji yake. Faustin alimkuta ameinama, anapitisha kidole juu ya boliti za kile kifuniko. Tope la zamani lilikuwa palepale, kavu, wala hakuna boliti iliyofunguliwa.

Jeannot hakupandisha sauti. Alifuta kidole kwenye suruali.

"Shemeki, haukubadilisha."

Faustin akasema kwamba mkanda mpya uko chini ya tairi la akiba. Jeannot akatikisa kichwa taratibu.

"Mama hawezi kuingia mu hii motokari. Umwambie weye mwenyewe. Mi sitasema."

Akafunga boneti, akaenda kunawa. Faustin akabaki na ufunguo mkononi. Alijiambia atasema baada ya chai. Baada ya chai akajiambia atamwita Lydie pembeni kwanza. Lydie alikuwa anacheka na mama zake wadogo, anakunja vitenge vya zawadi, na kila mara alipomtazama mumewe uso wake uling'aa. Faustin akaahirisha tena. Hakuogopa hasira yao. Aliogopa dakika ile moja ambayo uso huo ungebadilika.

Halafu Mama Mwape akatoka. Alikuwa amevaa kitenge chake cha Pasaka, rozari shingoni, kapu la samaki wakavu mkononi kwa ajili ya wajukuu. Majirani walikuwa wamejipanga, kwa maana wote walijua alivyoapa baada ya mazishi kutopanda tena gari la mjini. Mlango wa mbele ukafunguliwa. Mama akafanya ishara ya msalaba, akapapasa kiti, akakaa. Wanawake wakaanza kuimba. Faustin alikuwa amesimama upande wa usukani, mdomo wazi kidogo, na hakuna kilichotoka. Jeannot alimtazama kutoka ng'ambo ya gari. Akamngoja. Wimbo ukafika mwisho, ukaanza upya, na bado alikuwa anamngoja.

Ndipo Jeannot akazunguka mpaka kwenye mlango wa mama yake, akainama.

"Mama, shuka. Nimeharibisha motokari ya shemeki."

Wimbo ukakatika. Jeannot akaeleza, bila kumwangalia mtu, kwamba asubuhi aliingiwa na tamaa ya kuchokonoa kazi ya shemeji yake, akagusa asipopaswa kugusa, na sasa gari si la kupandwa mpaka atengeneze. Kipande kiko, leo atafanya kazi, kesho wataondoka. Mama Mwape alishuka taratibu. Hasira yake haikuwa ya kelele. Alimwambia mwanawe mbele ya mtaa mzima kwamba ana mikono ya wivu. Jana mkwe ameingizwa, leo shemeji anamwaibisha; mtu ametengeneza vizuri, wewe unabomoa, halafu wanakuita makanika. Mzee mmoja akaguna kukubali. Lydie alimkazia mdogo wake macho kana kwamba hamjui, na Jeannot akayapokea yote, mikono nyuma.

"Piga magoti," Mama Mwape akamwambia. "Omba shemeki yako masamaha."

Jeannot akapiga magoti kwenye vumbi mbele ya Faustin, akapiga makofi ya taratibu kama desturi inavyotaka. Hakuinua uso. Ilikuwa nafasi, tena nafasi pana. Faustin angeweza kumshika bega, kumwinua, na kusema maneno matatu tu. Maneno hayo yalikuwa yamefika kwenye meno. Masikio yalimwaka kwa aibu ambayo hakuwahi kuijua, hata Kasapa, hata mkekani. Akamwona Lydie. Akamwona mama mkwe, amegeuza uso kuelekea kwake, anasubiri kusikia sauti ya mwanawe mpya.

"Nimekusamehe," Faustin akasema.

Wanawake wakapiga vigelegele. Mama Mwape akasema kwamba hivyo ndivyo mtu mkubwa anavyofanya. Jeannot akashukuru, akainuka, akapangusa magoti, na akaenda kuinua boneti.