Umeshika

Saa tatu na dakika kumi asubuhi taa ya ruta iligeuka nyekundu kwa mara ya sita. Mzee Koleo akaizima, akahesabu hadi thelathini, akaiwasha. Ndivyo mhudumu wa kampuni alivyomwelekeza kwenye simu. Miaka thelathini na minane mzee alikuwa fundi wa kuunga nyaya za simu, hata jina alilipata huko, lakini alitii kama mgeni wa kazi.

"Upande wetu mtandao uko sawa, mzee," mhudumu alisema. "Zima tena, uwashe."

Saa nne kamili binti yake alitakiwa kuitetea tasnifu yake mbele ya maprofesa watatu walioko mbali. Walikwisha kumwandikia kwamba mtandao ukikatika atahesabiwa hakuhudhuria, asubiri mwakani. Alikuwa ameketi mezani, juu koti la heshima, chini ndala, macho kwenye ile taa.

Mzee aliacha simu ikiongea peke yake, akaufuata waya kwa vidole. Ulitoka mlangoni, ukapanda ukuta wa korido, ukaingia kwenye kisanduku cha kampuni. Akakifungua. Ndani, waya mmoja ulikuwa umegawiwa nyumba kumi na nne, na kila nyumba iliambiwa ina wake. Huo mmoja nao ulikuwa umekatika, ncha zake zimefungwa kwa tepu ya karatasi.

"Kazi ya kulipua," alisema, na aibu ikamshika kwa niaba ya mafundi wote.

Kiungio hakuwa nacho. Alishika ncha moja mkono huu, nyingine mkono ule, akasimama wima.

"Umeshika?" aliuliza kupitia mlango uliokuwa wazi.

"Umeshika, baba. Taa ya kijani."

Maneno yakaanza kumpita. Maswali yaliingia kwa mkono wa kushoto, ya baridi. Majibu ya binti yalitokea wa kulia, ya moto. Tasnifu ilihusu nyufa za madaraja, na mzee, aliyeishia darasa la saba, aliielewa yote hadi orodha ya marejeo. Jirani mmoja akapita na beseni la nguo, akamsalimu, akainama chini ya mkono wake, akaendelea na safari. Profesa wa pili alituma swali la mtego. Mzee alilihisi likija, akazikaza ncha. Jibu la binti likapita kifuani limenyooka, naye akajiambia kwamba hata angekufa leo, amezaa.

"Umefaulu" lilimfikia yeye kwanza. Alilizuia kidogo mkononi, kama apimaye uzito wa mtoto mchanga, ndipo akaliachia. Ndani kiti kilianguka, na binti akacheka huku analia.

Mchana fundi wa kampuni alikuja na kipimo chake. Alipima mkono wa kushoto, akapima wa kulia, akaandika kwenye fomu: hakuna hitilafu.

"Kiungio utaleta lini?" mzee aliuliza.

"Cha nini, mzee wangu? Si umeshika?"

Akafunga kalamu, akashuka ngazi. Binti alitoka na kiti. Mzee akakataa kukaa. Basi alilivua lile koti la heshima, akamtandikia baba yake mabegani, akainyoosha kola.

Jioni watu walirudi kutoka kazini, taa zikawaka nyumba kumi na nne, na milango ikaanza kufunguka mmoja mmoja.

"Mzee, umeshika?"

"Nimeshika," alijibu, kifua mbele.