Vipande Vinavyotoka Kifuani

Persis alikohoa kiboko Jumanne saa nne asubuhi, kabla ya chai. Alikuwa kiboko mdogo kama punje ya haragwe, wa jiwe la sabuni, mweupe, amechongwa mpaka masikio. Persis alimtema kiganjani, akampangusa kwa leso, akampa Nyanchama aliyekaa karibu naye.

"Ana joto," alisema Nyanchama.

"Shukuru ni kiboko," alisema Ombati mchongaji, kutoka upande wa wanaume. "Ungekohoa twiga, shingo ingekwama."

Wanawake walicheka, wakaendelea kupiga msasa.

Karakana hiyo iko Kiogoro, kando ya barabara. Mawe huja kwa lori kutoka machimbo ya Tabaka, wanaume wanachonga, wanawake wanasugua. Zamani walisugulia ndani ya beseni la maji, kila mmoja na lake, na vumbi lilizama chini likawa kama uji. Kisha Machogu, mwenye karakana, akaona kwamba jiwe lililolowa hukaa siku mbili kabla ya kupakwa nta. Akaondoa maji. Wanawake walipindua mabeseni wakayafanya viti. Kazi ya wiki ikaanza kuisha kwa siku nne, na Machogu akanunua lori la pili.

Machogu alimgeuza kiboko wa Persis kwenye mwanga, hakuona kasoro. Alimpiga picha kwa simu akampelekea mnunuzi wake wa Nairobi. Mnunuzi akataka mia mbili kama huyo.

Wiki hiyo hiyo madirisha yalipigwa misumari, kwa kuwa upepo ulikuwa ukipoteza vumbi. Wanawake wote waliosugua kwa muda mrefu wakaanza kukohoa vipande kama hivyo. Wengi wao ni Wasabato, na kifua hakichagui siku. Kipande kikitoka katikati ya wimbo kanisani, mwenyewe alikifunga kwenye leso akakipeleka kazini Jumapili asubuhi. Machogu alisema mara moja tu kwamba vumbi ni la karakana, nao wakaona ni kweli. Walikuwa watu waliolelewa kutochukua hata sindano ya mtu.

Nyanchama alitoa ndege, na ndege wake hawakumtisha. Aliyemtisha ni Bonareri, bintiye wa miaka kumi na tisa, aliyeanza kazi Januari akakalia beseni la kushoto kwake. Bonareri hakuwa amekohoa bado. Kila Ijumaa kabla ya jua kuzama, alipokuwa akimsuka, Nyanchama aliweka sikio mgongoni mwake kidogo. Ijumaa ya tatu ya Februari alisikia msasa humo ndani. Ulikuwa wa mtu mmoja, mbali, anayesugua bila haraka.

"Mama, mbona umeacha kusuka?" alisema Bonareri.

"Vidole vimepata baridi. Kaa sawa."

Jumapili alifika karakana na mtungi wa maji wa lita ishirini mgongoni. Aliinua beseni la bintiye, akaligeuza, akamimina maji. Machogu alikuja akasimama mbele yao.

"Mama Bonareri, hayo ni ya nini?"

"Ni ya mtoto, Mzee. Mimi nitasugua kavu. Hata sehemu yake nitasugua mimi."

"Nikimruhusu huyu, wote watataka. Sasa hao wanyama wadogo watatoka wapi? Mnunuzi ameshawazoea."

"Ana miaka kumi na tisa tu."

"Basi ana mapafu mazuri," alisema Machogu, bila dhihaka, kama mtu anayesifu ng'ombe wa jirani.

"Mama, wacha," alisema Bonareri kwa sauti ya chini. "Unaniaibisha."

Nyumbani kulikuwa na migomba sita na wadogo wanne wa Bonareri. Nyanchama aliacha. Machogu alibeba beseni mpaka langoni, akamwagilia maua, akalirudisha likiwa limepinduliwa.

Aprili Persis alikuwa akitoa seti ya chesi. Alitoa vipande thelathini na kimoja, akafa. Machogu alikuja matangani na sukari na mikate, akakaa na wafiwa kwa heshima, kisha akamwinamia Nyanchama.

"Yule mfalme wa pili hakutoka?"

"Hakutoka."

"Basi seti haiuziki."

Persis alizikwa na mfalme huyo kifuani.

Baada yake walifuata wengine, na oda zikaanza kuchelewa. Mnunuzi alihamia kwa kikundi kimoja cha Tabaka ambako wanawake bado wanasugulia majini. Vitu vyao havina joto, lakini vinafika siku iliyosemwa. Machogu aliuza lori la pili, halafu la kwanza. Aliandika kibao akakitundika langoni: wanatafutwa wasuguaji wenye vifua vizuri. Maji hakuyarudisha.

Bonareri alikohoa Jumatatu moja ya Julai, mara moja, kwa adabu, mkono mdomoni. Kilichotoka hakikuwa na umbo kamili. Kilikuwa kama ndama aliyezaliwa kabla ya siku zake.

Machogu alikigeuza kwenye mwanga. "Hiki kina makwaruzo," alisema, akampa Nyanchama, kwa kuwa ndiye aliyebaki na mkono laini. "Kipitishie msasa."

Kilikuwa na joto. Nyanchama alikaa juu ya beseni lake akakisugua kikavu, polepole, akajaribu kuzuia vumbi kwa upindo wa leso. Halikuzuilika. Lilipanda, likaenda kushoto, na Bonareri akalivuta.

Karakana ilikuwa na wasuguaji kumi na mmoja. Watano wamezikwa. Wanne wako nyumbani, hawawezi kupanda kutoka mtoni bila kukaa njiani mara tatu. Wawili wako kazini. Mabeseni ni kumi na moja, yote yamepinduliwa. Bonareri ametoa vipande saba, na vyote saba amevipiga msasa mama yake.